Sentimita Tatu za Ubavu wa Tairi

Mdogo wangu wa kiume alinirudishia gari Jumapili asubuhi, siku ya pili ya harusi ya bintiye, na akaniamkia shikamoo mara mbili. Ya kwanza langoni, ya pili akinikabidhi ufunguo. Mtu akiniamkia mara moja nampa marahaba yake. Akiniamkia mara mbili nakwenda kuangalia alichovunja.

Hakikuvunjika kitu. Gari lilikuwa limeoshwa hadi chini ya milango, na utepe mweupe wa harusi ulikuwa bado unaning'inia kwenye kioo cha pembeni. Ila lilikuwa limesimama vingine. Nikainama. Pale penye magurudumu yangu niliona rimu nyeusi zinazong'aa, kubwa kama sinia za pilau, na juu yake kijitairi chembamba kama mkanda. Nikasoma namba ubavuni. Nikazisoma tena, maana mimi namba sizisomi mara moja: 225/35, inchi kumi na tisa.

"Magurudumu yangu yako wapi?"

"Dada, si tuingie ndani kwanza, tunywe chai?"

"Chai nimekunywa. Magurudumu yangu yako wapi?"

Wapo watakaosema tairi ni tairi, basi hao niwaeleze. Gari lenyewe ni la mbio, la milango miwili, nililolinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama Diani kwa haraka, na haraka ya muuzaji ndiyo ngazi ya mnunuzi. Ukunda walinicheka: mwanamke wa makamo, muuza vigae na misumari, na gari la kijana. Wacheke. Lilikuja na magurudumu ya inchi kumi na saba, matairi yamelika hadi upara. Kila muuza matairi niliyemwendea alitaka kunipandisha kumi na nane, kumi na tisa. "Mama, gari kama hili ukiliwekea ndogo unaliaibisha." Mmoja aliniuliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia yuko mbele yako, anahesabu makosa yako.

Mimi nilitaka kushuka. Nilitaka kumi na sita, na sababu ilikuwa mama.

Mama ana pingili mbili za mgongo zilizosagika. Anakaa Tiwi, huko ndani, na kabla hujaifikia lami una barabara ya mawe ya matumbawe ambayo hata mbuzi huipita kwa kuchagua. Daktari wa mgongo huja Msambweni Jumatatu moja tu ya kila mwezi. Ukimkosa, unangoja mwezi mzima na maumivu yako. Tuktuk ilimtingisha hadi akatapika. Teksi tulijaribu mara mbili: kiti bapa, kila kona anateleza, kila kuteleza ni kisu. Kiti cha gari langu kina mbavu, kinamshika huku na huku asiende popote. Hilo lilikuwa limetimia. Lililobaki lilikuwa chini ya kiti.

Tairi husomwa hivi. Namba ya kwanza ni upana wake kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, ikihesabiwa kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni inchi za rimu. Mimi nilichagua 205/55 ya kumi na sita. Piga hesabu: ubavu wa sentimita kumi na moja na ushee. Hilo ndilo godoro. Duara zima la gurudumu lazima libaki karibu na lile la kiwandani, la sivyo mshale wa mwendo utakudanganya, kwa hiyo kila ukiongeza chuma cha rimu unapunguza mpira na upepo. Hakuna njia ya tatu. Jiwe likipiga, lazima mmoja alipokee. Asipolipokea ubavu wa tairi, atalipokea mama.

Nilimkalisha fundi asubuhi nzima. Nilimlazimisha aweke rimu moja mbele, azungushe kwa mkono, nione breki inapita ndani bila kukwaruza, ndipo nikakubali. Nati tano kila gurudumu, ishirini kwa jumla, nilizihesabu zikikazwa, nikarudi kuzihesabu zikiwa zimekazwa. Kisha nikajaribu njia yote, Tiwi hadi Msambweni. Matuta niliyahesabu kwenda na kurudi, yakapishana kwa moja, nikageuza kulitafuta. Mara ya kwanza mama alipopanda na matairi hayo, tulipofika lami aliniuliza, "Mbona barabara wameitengeneza?" Nikaingiza gia ya pili.

Basi hayo ndiyo magurudumu niliyokuwa nikiyaulizia.

"Nimeyaweka amana," mdogo wangu akasema. "Ukunda, kwa yule kijana wa rimu. Dada, gari la bibi harusi haliwezi kwenda kwa wakwe na vigurudumu vile. Wangesema nini?"

Kwetu bibi harusi huvishwa dhahabu ya kuazima wala haoni haya mtu. Mkufu wa jirani, bangili za mke wa ami, na wote waliokaa mkekani wanajua kipi ni cha nani. Mdogo wangu alifikiri, kama bibi harusi huazimiwa, gari lake nalo liazimiwe. Mimi Jumamosi yote nilikuwa ndani, shangazi wa bibi harusi, na wanawake na masufuria. Gari nililiona dirishani, paa tu, limejaa maua, likipita juu ya vichwa vya watu. Nikapiga kigelegele. Kigelegele kile hadi leo kinanikera kooni.

"Haya. Kesho ni Jumatatu ya daktari. Twende tukayachukue."

Akaanza kuukunjua utepe kwenye kioo, taratibu, kama kwamba ndiyo kazi aliyoitiwa. "Nilimwambia siku saba," akasema.

"Siku saba za nini?"

"Za fungate, dada. Vitu vya kuazima si hurudi fungate ikiisha?"

Mkufu, ndiyo. Mkufu hukaa na bibi harusi siku zake saba ndani, kisha hurudi kwa mwenyewe, na aliyepewa amana yoyote haigusi. Lakini yule kijana si wa kwetu. Ametoka bara, biashara yake ni kukodisha, na mtu akimwachia mali siku saba, yeye anasikia siku saba za kazi. Hilo mdogo wangu hakulifikiria. Mimi nilikuwa nimeshalifikiria kabla hajamaliza sentensi.

Tulimkuta amekaa juu ya tairi, anakunywa soda.

"Mathe, karibu. Gari imetoka fiti, ama?"

"Mimi si mathe wako. Magurudumu ya kumi na sita yako wapi?"

"Ziko job." Akamwonyesha mdogo wangu kwa chupa. "Huyu mzee alisema siku saba. Mimi nikasema poa. Sasa mali ikae hapa siku saba ikikula vumbi?"

"Amana hailiwi na vumbi. Amana hailiwi na mtu."

"Mathe, hapa hakuna hiyo amana. Hapa kuna rims."

Nilimwambia ampigie huyo aliyeyakodi. Akapiga, akaweka sauti nje tusikie wote. Alikuwa mnunuzi wa mbuzi, ameshapita Samburu, yuko ndani huko kwenye mnada, na gari lake halina magurudumu mengine ya kurudia. Jumamosi, inshallah. Nyuma ya sauti yake mbuzi walikuwa wakilia. Nikasikiliza mbuzi wanavyopanda juu ya godoro la mama.

Basi nikamgeuzia kijana kibanda chake chote. Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika, nikamshusha na kumpandisha, hadi akatoa kila gurudumu la inchi kumi na sita alilokuwa nalo. Seti mbili. Matundu matano nayo, lakini yametawanyika kupita yale ya gari langu. Nati moja inaingia, ya pili inakataa. Tulijaribu ya kwanza, tukajaribu ya pili, nikairudia ya kwanza kama mjinga anayeamini chuma kitaona huruma. Mdogo wangu alipendekeza tupunguze upepo, tairi lilainike. Nikamwangalia. Ubavu wenyewe hata sentimita nane haufiki. Ukitoa upepo, rimu inakwenda kukutana na jiwe ana kwa ana.

"Kesho utakuja nasi," nikamwambia.

"Dada, nina wageni."

"Utakaa nyuma."

Kiti cha nyuma cha gari la mbio kimewekwa kwa ajili ya begi. Jumatatu asubuhi mdogo wangu alijikunja humo, magoti yamefika masikioni, na mama tukamkalisha mbele. Mama akayaona magurudumu. Yeye huona kila kitu.

"Yamependeza," akasema. "Nani kayaweka?"

"Mwanao."

"Ahsante, baba."

Jiwe la kwanza alinyamaza. La pili akashika mshipi wa kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa nakwenda polepole kuliko mtu anayetafuta sindano, nikichagua kila jiwe, lakini matumbawe hayana upande mzuri, na kila pigo lilipanda moja kwa moja kutoka chuma hadi kiti. Kwenye la tano alitoa sauti ambayo sikuijua, akaniwekea mkono begani.

"Nishushe, mwanangu. Nitakwenda kwa miguu hadi lami."

"Mama, ni mbali."

"Nishushe."

Nikamshusha. Mdogo wangu akajikunjua nyuma akatoka, akampa mkono, wakatangulia. Mimi nikafuata na gari tupu, gia ya kwanza, nyuma yao, kama tunasindikiza kitu. Watu walitoka milangoni. Mwanamke mmoja akaita, "Shikamoo mama! Mbona mnatembea na gari lipo?"

Mama akasimama, akavuta pumzi, akatabasamu. "Marahaba. Nanyoosha mgongo, binti yangu."

Alikuwa akimfichia. Ana mgongo uliosagika na anamfichia mwanawe mbele ya watu, naye mwana anatikisa kichwa kukubali, kwamba ndiyo, tunanyoosha. Nilitamani nipige honi. Sikupiga, kwa sababu mama angeshtuka, na kushtuka nako kunamuumiza.

Kwenye lami alipanda tena. Matuta yote hadi Msambweni niliyapanda upande kwa upande, gurudumu moja moja, malori yananipigia kelele nyuma. Daktari tulimkuta akifunga mafaili. Alimpima mama, akamkandakanda, akauliza amesafirije. Mama akafungua mdomo aseme gari la mwanawe ni zuri sana. Nikamtangulia. Nikamweleza daktari namba zote, ya zamani na ya sasa, ubavu kwa ubavu, mbele ya mdogo wangu. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Akasema juma hili mama asitingishwe tena hivyo, kwa gari lolote.

Nje, kwenye baraza, nilimwambia mdogo wangu, "Mama harudi Tiwi. Anakaa kwa binamu yake, hapo nyuma ya hospitali, hadi magurudumu yangu yarudi. Na wewe unakaa naye. Yule binamu ni mjane mzee, hawezi kumnyanyua."

"Hadi Jumamosi? Na chakula cha fungate nani atawapelekea maharusi?"

"Shangazi yupo. Bibi harusi atakula."

"Watu watasema baba mtu kakimbia harusi ya bintiye."

"Waambie unanyoosha mgongo."

Alimtazama mama amtetee. Mama alikuwa ameegemea nguzo, macho kafumba. Nikawafikisha mlangoni kwa binamu kwa hatua za mama mwenyewe, nikarudi Ukunda peke yangu, na siku mbili sikumpigia.

Jumatano asubuhi alinipigia yeye. Hakutoa shikamoo hata moja.

"Dada. Mama hulia akijigeuza."

"Najua."

"Si kwa sauti. Huuma kanga. Mimi niko chumba cha pili, nasikia. Jana mara nne."

"Usiku mwingine huwa sita."

Nikasikia jogoo wa binamu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Wewe ukija Tiwi huja mchana, anakuvalia nguo nzuri."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia Idi mbili mfululizo, na mara zote mbili alisema wazee ndivyo walivyo. Sikumkumbusha. Alikuwa akipumua kama mtu anayetaka kuambiwa neno la kumpoza, na neno hilo ninalo, kila dada analo. Nililiacha lilipo. Nikahesabu usiku uliobaki: leo, Alhamisi, Ijumaa. Tatu. Nikahesabu tena, tatu.

"Mpashie maji, mkande kiunoni, si mgongoni," nikamwambia. Nikakata simu.