Breki mpya za Shangazi, na mke aliyeapa kutopanda tena

KASULU. Saa mbili asubuhi, umande wa hapa Murubona haujakauka vizuri, na kutoka chini ya Landrova kuukuu ya rangi ya kijani inasikika sauti ya mwanamume.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga," anajibu mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha dereva. Amejifunga kitenge vizuri na amevua ndala moja ili mguu uishike pedeli sawasawa.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia. Tena nimechoka kushikilia."

Chini huko inasikika chwii, na oili ya breki inatiririka kwenye chupa ambayo mwandishi wa habari hii amekabidhiwa aishike, maana kwa mzee Anatoli hakuna mgeni wa kukaa tu na kalamu. Nati inafungwa. Mwanamke anaachia pedeli, anakanyaga tena, na uso wake unaeleza kila kitu.

"Baba Aneth, inazama. Inazama kama jana."

Kutoka chini ya gari unatoka mguno mrefu wa mtu aliyeishiwa maneno.

Anatoli Ildefonsi ana miaka sitini na moja. Ni fundi na ni dereva, kazi mbili kwa mtu mmoja na gari moja. Siku za soko anabeba maharage, ndizi na wenye mizigo yao kutoka vijiji vya Muyama na Nyakitonto kuja mjini Kasulu. Mafuta yanakula nusu ya nauli, vipuri vinakula nusu ya kilichobaki, na hicho kinachobaki ndicho kilichomsomesha binti yake, Aneth, mpaka akawa mwalimu.

Gari lake linaitwa Shangazi. Alilipa jina hilo mwenyewe, kwa sababu, anasema, linapenda kununa, linakohoa mbele za watu, lakini shida ikitokea ndilo la kwanza kufika. Ndani ya Shangazi alimleta bibi harusi wake kutoka Makere. Ndani ya Shangazi huyohuyo alimkimbiza mkewe hospitali siku Aneth alipokuwa anakuja duniani.

Na mkewe huyo, Generosa, muuza mawese anayejulikana soko zima la Kasulu, ndiye aliyeketi hapo juu akikanyaga pedeli. Asidanganyike mtu. Amekubali kukaa humo kwa sababu gari limesimama juu ya mawe na magurudumu ya mbele yametolewa.

"Nimepanda kwa kuwa haliendi popote," anasema bila hata kutabasamu. "Likianza kutembea, mimi ninashuka."

Kisa chenyewe ni cha masika ya mwaka juzi. Walikuwa wanateremka kutoka Muyama, wamepakia maharage, na Generosa ameketi mbele na madumu yake ya mawese. Wakavuka kijito kilichofurika. Wakati huo Shangazi alikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, zile ambazo viatu vya breki vinatanuka ndani ya dramu, na maji yakiingia humo hazishiki mpaka zikauke. Mbele yao mteremko ukaanza. Anatoli akakanyaga, na gari likaendelea kama halijaambiwa kitu.

Akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, mwisho akaona heri kuliegesha gari kwa nguvu kwenye ukingo wa barabara. Shangazi akapanda ukingo, akaingia kwenye shamba la mihogo la watu, akasimama. Madumu yakapasuka.

"Nikamgeukia mke wangu, nikamwona mwekundu kuanzia kichwani mpaka miguuni," anasema Anatoli. "Nikajua nimemuua. Nimemuua kwa mikono yangu, kwa gari langu."

"Alilia," anadakia Generosa. "Mtu mzima na mvi zake analia, anamwita Mungu, na mimi ninamwambia, Baba Aneth, ni mawese! Hasikii. Mimi ninanuka mboga, yeye ananililia msiba."

Wanacheka wote wawili. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Generosa alirudi mjini kwa miguu, akaoga, na jioni akatamka kwamba gari hilo hapandi tena. Toka hapo, kila siku ya soko, madumu ya mawese yanapanda Shangazi, na mwenye mawese anatembea kandokando, kutoka nyumbani mpaka sokoni. Anatoli anaendesha polepole ili waongee dirishani. Wauza nyanya wameshawazoea.

Mambo yangeendelea hivyo, kama Aneth asingejifungua. Aneth anafundisha Kibondo, na mtoto wake wa kwanza anabatizwa kesho, Jumapili.

"Mjukuu wangu wa kwanza!" anasema Anatoli. "Nikamwone nimepakia kuku na ndizi, halafu bibi yake anashuka kwenye basi kama hatujuani? Hapana, jamani. Hapana."

Alimbembeleza mkewe wiki nzima. Mwisho Generosa akampa sharti, tena mbele ya majirani ili asije akasingizia hakusikia vizuri. Aweke breki za kueleweka. Gari lishuke mteremko wa kanisani, na chini kutakuwa na dumu la mawese limejaa. Likisimama kabla ya dumu, atapanda mpaka Kibondo. Lisiposimama, atakwenda na basi, na habari ya kupanda Shangazi isitajwe tena ndani ya nyumba yao mpaka mmoja wao azikwe.

Ndipo Anatoli akafunga safari ya kwenda Kibondo kwa Badru, mfanyabiashara wa vipuri ambaye nyuma ya duka lake kuna Landrova ya kisasa zaidi iliyopata ajali, gari la usukani wa kushoto lililoingia nchini kutoka upande wa Burundi. Gari hilo lina breki za diski magurudumu ya mbele: sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na kifaa kinachoitwa kalipa kinachoibana sahani hiyo kwa pedi pande zote mbili. Maji hayakai humo.

"Wallahi nilimwambia, mzee wangu, kazi hiyo wape vijana wenye mashine," anasema Badru kwa simu. "Akaniangalia kana kwamba nimemtusi mama yake. Basi nikamletea kahawa."

Anatoli alifungua kila kitu kwa mkono wake: sahani, kalipa, mabomba, mpaka pampu ya breki. Na kama ilivyo desturi yake tangu ujana, kila kilichotoka upande wa usukani alikifunga kitambaa chekundu, kipande cha khanga ya zamani ya Generosa. Kisicho na kitambaa ni cha upande wa pili. Kwa utaratibu huo amefungua na kufunga magari ya nusu ya mji huu, na anasema hajawahi kukosea hata boliti.

Akarudi Kasulu, akafunga. Kila kitu kikakaa mahali pake kama kimezaliwa hapo. Akaita majirani, akaupanda mteremko wa kanisani, akashuka.

Pedeli ikazama mpaka sakafuni.

Aliyeokoa dumu ni Generosa mwenyewe, aliyelikwapua na kuruka nalo pembeni huku mumewe akihangaika na gia na breki ya mkono. Shangazi alisimama mahali ambapo dumu lilikuwa. Majirani wakatawanyika wakijifanya wana shughuli. Generosa alikwenda nyumbani, akafunga mzigo wake, akauweka mlangoni.

Mzigo huo bado uko mlangoni asubuhi hii, na basi la Kibondo linapita saa sita mchana.

"Nimempa mpaka basi lipige honi," anasema. "Siyo kwamba nina roho mbaya. Ninampenda, ndiyo maana sitaki anililie mara ya pili."

Anatoli amejaribu yote anayoyajua. Amebadilisha mipira ya mabomba. Amefuta kila kiungo kwa karatasi kavu kuona kama panavuja, na karatasi imerudi kavu. Ameweka oili mpya. Ukipampu pedeli mara tatu inapanda na kuwa ngumu, ukiiacha kidogo inazama tena.

"Hiyo ni hewa," anasema akijitoa chini ya gari, mgongo umejaa vumbi. "Imejificha humo ndani na inanicheka. Ninaitoa, haitoki. Ninaitoa, haitoki!"

Anatupa spana chini. Ni mara ya kwanza asubuhi hii kuonekana ana hasira, na hasira yenyewe iko karibu sana na kilio.

Generosa anashuka kunyoosha mguu. Anazunguka mbele, anachuchumaa kwenye gurudumu, anaangalia kalipa kwa muda kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Ni hii unayofungulia?"

"Ndiyo. Nipeli hiyo. Hapo ndipo hewa inapotokea."

"Mbona iko chini?"

"Ndivyo ilivyokaa, Mama Aneth. Niache nifikiri."

"Fikiri, lakini nijibu. Mimi ninauza mawese. Dumu likiwa halijajaa, hewa inakaa wapi?"

Anatoli anaacha kujipangusa vumbi, anamgeukia.

"Juu," anasema taratibu.

"Na wewe tangu juzi unaifungulia wapi?"

Mzee anapiga magoti, anapapasa kalipa, anakimbia upande wa pili wa gari, anapapasa nyingine. Nipeli zote mbili ziko chini. Kila alipofungua, oili ilitoka na hewa ikabaki imekaa zake juu, starehe. Anachukua kile kitambaa chekundu kilichobaki kimening'inia kwenye bomba, anakitazama, anautazama usukani wa Shangazi ulio kulia kama wa magari yetu yote, na mikono yake inapanda kichwani.

"Usukani wa lile gari ulikuwa kushoto! Generosa! Ulikuwa kushoto!"

Kumbe. Kalipa kuna ya kulia na kuna ya kushoto. Kitambaa kilifungwa upande wa usukani, ambao kwenye gari la Badru ni kushoto, kikaja kufungwa upande wa usukani wa Shangazi, ambao ni kulia. Boliti zikakubali, lakini kalipa zikasimama miguu juu, kichwa chini. Utaratibu uliomlinda miaka yote ndio uliomponza, kwa kuwa alikuwa hajawahi kufungua gari la usukani wa kushoto.

Generosa anacheka mpaka anakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake safi.

"Kitambaa nimekukatia mimi, kwa khanga yangu!" anasema akijifuta machozi. "Kifunge mkononi basi, ujue kulia ni wapi!"

Anatoli anacheka naye, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia la maharage mgongoni. Kisha anavamia kazi. Anafungua kalipa zote mbili, ya kulia inakwenda kulia, ya kushoto inakwenda kushoto, na nipeli zinaelekea juu. Generosa anarudi kwenye kiti chake bila kuitwa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

Safari hii chupa iliyoshikwa na mwandishi inachemka mapovu kama sufuria ya uji. Wanarudia, na tena, mpaka mapovu yanakwisha na inatoka oili tupu. Wanahamia upande wa pili. Kisha Generosa anakanyaga, anakanyaga tena.

"Mama Aneth? Inazama?"

"Imenigomea," anasema, na sauti imebadilika. "Baba Aneth, iko juu. Iko juu kabisa, mguu hauendi!"

Lakini sharti ni sharti. Magurudumu yanarudishwa, Anatoli anakwenda peke yake kulijaribu gari polepole kwenye tambarare, na jua likiwa limeshapanda wote wako kwenye mteremko wa kanisani. Generosa amelibeba dumu mwenyewe kichwani, na amelitua juu zaidi ya pale pa mara ya kwanza. Majirani wamerudi, hawana tena shughuli.

Shangazi anashuka. Anashuka kwa kasi kuliko mtu angependa. Halafu pua yake inainama kidogo, magurudumu yanakwaruza vumbi, na anasimama. Kati ya bampa na dumu, mtu angeweza kuketi na kula chakula chake.

Watu wanapiga vigelegele. Anatoli hatoki ndani ya gari. Paji lake la uso limelala kwenye usukani.

"Niliogopa kumtazama," anakiri baadaye. "Nilisema nikimtazama na akawa amegeuka kuifuata njia ya basi, nitafanya nini?"

Hakugeuka. Generosa anakuja mpaka mbele ya gari, anainama kidogo na kupiga makofi taratibu, kama Waha wanavyomwamkia mtu wa heshima.

"Mwakeye, Shangazi," anasema.

Kisha anafungua mlango wa abiria, mlango ambao tangu masika yale umekuwa ukifunguliwa na wengine tu.

Muda si mrefu kuku wamo nyuma, ndizi zimo, mzigo wa mlangoni umo. Anatoli anaeleza mipango yake kwa mwandishi huku akikaza kamba: akirudi atahamia breki za nyuma, ambazo bado ni za dramu, na angependa siku moja awe na gereji yenye sakafu ya saruji, ili Generosa akiketi kumkanyagia pedeli asitoke na vumbi. Basi la Kibondo linapita likipiga honi. Hakuna anayeliangalia.

"Mteremko wa Makere unashuka na gia ya pili," anasema Generosa kutoka ndani.

"Gia ya pili."

"Na tukikuta maji?"

"Tukivuka ninasimama, nazikausha za nyuma kwanza."

Generosa anaridhika. Dumu la mawese hakutaka liwekwe nyuma. Amelipakata mapajani, amelizungushia mikono yote miwili. Mumewe anapanda. Kitambaa chekundu amekifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

"Na hili likimwagika," anasema Generosa, "usianze kulia. Uliza kwanza."

"Nitauliza," anasema Anatoli, na anawasha gari.