Filimbi Iliyochafua Mtaro wa Kariakoo

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kofia, filimbi na kitabu cha faini. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi, Mnyamwezi niliyetoka kwetu juzi tu, nimekuwa bwana afya msaidizi wa soko la Kariakoo. Nilijiona mkubwa, wacha we! Mkuu wangu, Bwana Afya wa mji, Mwingereza asiyecheka, alinieleza sheria: ukikuta taka kwenye kizimba, yaani meza ya mwuzaji, mwandikie mwenye meza. Makosa matatu, leseni inafutwa.

Niliamriwa kupuliza filimbi kila ninapoingia. Ikilia tu, kila mtu anasukumia taka zake mtaroni. Vizimba vinang'aa, mtaro umeziba, mbu tele. Na mtaro haukuwa na mwenyewe wa kuandikiwa. Ilinichukua miezi, naona haya kusema, kugundua kwamba filimbi yangu ndiyo iliyochafua soko.

Aliyeumia ni Bi. Tatu, mjane wa Kizaramo aliyekaanga samaki wa soko la Feri. Magoti yalimsumbua, hakuwahi kufika mtaroni. Tayari alikuwa na makosa mawili, na wanawe wanne walitegemea karai lake la kukaangia.

Kaka yake, Mzee Kondo, alilima mchicha bonde la Msimbazi. Nilipomwuliza anarutubishaje matuta, alinicheka: Mnyamwezi utajua wapi kilimo, ninyi kazi yenu kubeba mizigo. Wazaramo ni watani zetu, sikukasirika. Kumbe huzika utumbo wa samaki na maganda chini ya tuta, ila huvipata kwa taabu. Nikamwambia aje sokoni na wakulima wenzake, watoe fungu la mchicha kwa kila pakacha la taka. Nami nikaacha kupuliza filimbi, bila ruhusa ya mtu.

Haukupita mwezi, mama mmoja wa Kichaga, mwuza ndizi, akaniletea mashtaka kwamba jirani kamwibia maganda!

Asubuhi moja Bwana Afya akatokea bila taarifa, akakuta pakacha la utumbo kwa Bi. Tatu.

"Andika," akaniamuru.

Niliandika jina. Bi. Tatu akageuza samaki karaini.

"Hilo si langu, bwana. La Kondo, mchicha wake nimeshaupika."

Bwana Afya akaenda mtaroni, akainama. Maji yalikuwa yanapita. Kisha akanigeukia.

"Mbona sikusikia filimbi?"

"Nimeiacha, bwana."

"Basi usiipulize," akasema, akaenda zake. Nikakifunga kitabu bila kulitia sahihi jina la Bi. Tatu.

Wanangu, sisemi sheria haina kazi. Ipo taka asiyoitaka mkulima yeyote, na hiyo bado inahitaji kitabu. Lakini kabla hujaandika, uliza kama yupo anayeihitaji.

Nilipostaafu nilirudisha kofia, filimbi na kile kitabu cha kwanza. Karani akauliza jina hili lisilotiwa sahihi ni la nani. Nikamwambia aende Kariakoo akale samaki. Binti wa Bi. Tatu anakaanga palepale.