Walivyomuaga Agathe Akiwa Hospitalini

Agathe Nabintu alifundisha jiografia Uvira, mji wa kando ya ziwa mkabala na Burundi, kwa miaka kumi na moja kabla vita havijamtoa. Alifika Durban mwanzoni mwa 1997, na kwa mwaka mzima aliuza vinyago kando ya barabara ya ufukweni, pale wageni wanapopita wakienda kuogelea. Siku moja mume na mke kutoka Réunion walisimama mbele yake wakibishana kwa Kifaransa, jumba la samaki liko upande gani. Agathe akawajibu kwa Kifaransa. Na kwa kuwa ualimu haujamtoka, akawaeleza pia saa ambayo papa hulishwa, na kwa nini kuna nyavu baharini mbele ya waogeleaji. Wakamwomba afuatane nao. Kesho yake wakaja na wenzao wanne.

Bi Pillay, msimamizi wa mapokezi katika hoteli waliyofikia, alisikia habari zake akamwita. Tangu hapo, kila Jumanne na Jumamosi, wageni wote wa hoteli wanaosema Kifaransa walikuwa wa Agathe kuwatembeza.

Alijiandaa kama anayeandaa somo. Alikaa maktaba ya manispaa akisoma, akajaza daftari zima. Alimuuliza Dominiki, Mzulu mtu mzima aliyevuta rikisho, kigari cha kubebea wageni, huku amevaa kofia ya pembe za ng'ombe, maana ya kila rangi ya shanga zake, naye Dominiki akamweleza kwa subira. Aliwatembeza wageni kwenye bustani ya nyoka, na kwenye mji mdogo wa mfano ambao maghorofa yake yanakufika kiunoni. Aliwapeleka soko la Wahindi kunusa bizari. Kwenye bustani ya miti aliwaonyesha mmea unaofanana na mnazi mfupi, dume, ambaye jike wake hajawahi kuonekana popote duniani. Agathe alimwita Kapera, na wageni walicheka.

Mwisho aliwapeleka kwenye gati, hadi kwenye ncha yake. Kutoka pale aliwaonyesha Bluff, kile kilima kirefu kando ya bandari, na kuwaeleza kuhusu watu walioitwa Wazanzibari, waliokombolewa baharini kutoka mikononi mwa wauza watumwa na kuletwa kuishi pale. Halafu akawaeleza kuhusu mama yake.

"Mama yangu alifua nguo kwenye ziwa maisha yake yote," alisema. "Mbele yake aliona milima ya Burundi. Nilipokuwa shuleni nilimwambia kuna maji ambayo ng'ambo yake haionekani. Akasema, basi anayefua huko hana wa kumpungia mkono. Mama alifia njiani tukikimbia, karibu na mji wa Baraka. Nilipofika hapa, siku ya kwanza, niliitafuta milima."

 Wageni walirudi hotelini polepole, na wengine walimshika mkono.

Elysée alikuja mwaka 1998. Alikuwa binti wa jirani yao wa zamani, umri wake miaka ishirini na minne, na hakuwa na mtu Durban. Agathe alimpa nusu ya chumba chake na kumtafutia kazi ya kusuka katika saluni ya Gracieuse. Elysée alimwita yaya, ambalo kwao ni dada mkubwa. Siku asizosuka alifuatana na wageni, akimbebea Agathe chupa ya maji, akisikiliza.

Oktoba 1999 kidole tumbo cha Agathe kilipasuka. Alipasuliwa, kidonda kikaoza, akapasuliwa tena. Alilala hospitali wiki tano. Wiki ya kwanza alimwambia Elysée, "Chukua daftari yangu. Fasi yangu isikae wazi. Nikitoka nitarudi."

"Usiwaze kitu, yaya," Elysée alisema. "Iko mikononi mwangu."

Alikuja kumwona kila Jumapili na uji kwenye chupa ya chai. Safari moja alikuja amejifunga shali mpya ya sufu, ya bluu. Agathe akaishika ncha yake akasema ni nzuri, imemkaa. Elysée akajibu kwamba amepewa na rafiki.

Mwishoni mwa Novemba Agathe aliruhusiwa. Alipumzika siku sita, na ya saba, Elysée akiwa ameshatoka, alivaa viatu vyake vya kutembelea akaenda ufukweni taratibu. Wa kwanza kumwona alikuwa Dominiki. Alisimamisha rikisho katikati ya njia.

"Eish," alisema. "Umerudi lini kutoka Canada?"

Agathe alidhani anatania. Lakini Bi Pillay naye, alipomwona anaingia, aliinuka kwenye kiti akamkumbatia na kumuuliza kama kule walimkatalia.

"Kule wapi?"

"Canada. Elysée alitueleza. Kwamba karatasi zako zimetoka ghafla, umeondoka bila nafasi ya kuaga." Bi Pillay alianza kuona kuna jambo. "Tulikuandikia kadi, wafanyakazi wote. Na shali, kwa sababu ya baridi. Hukuipata?"

Agathe aliomba kiti. Aliketi pale mapokezini, mkono juu ya kidonda, akasema, "Nilikuwa hospitali. Kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa."

Bi Pillay alishika kichwa. Alisema ni aibu, ni aibu kubwa. Kisha akatazama kitabu cha wageni, akatazama tena, na sauti yake ikawa ya kazini. Msimu umeanza, alisema. Wageni wamemzoea Elysée, wanamsifu, na hata sasa yuko nao. Hawezi kubadilisha watu katikati ya msimu. Aje Januari wazungumze.

Agathe aliinuka. Alitoka akaelekea kwenye gati, kwa kuwa alijua kwa saa ile kundi litakuwa limefika wapi.

Walikuwa wageni tisa. Alisimama nyuma yao, karibu na mvuvi mmoja. Elysée alikuwa anaonyesha Bluff. Alieleza vizuri, sauti yake ilishuka mahali Agathe aliposhushia yake. Agathe alikuwa tayari kusikia maneno ya daftari lake, maana ndiye aliyelitoa. Ila hadithi ya mama yake hakuwa ameiandika ndani ya daftari.

"Mama yangu alifua nguo kwenye ziwa maisha yake yote," Elysée alisema.

Aliisema yote. Milima, kupunga mkono, njia ya Baraka. Bibi mmoja mwenye kofia ya ukili alitoa kitambaa akajifuta macho.

Wageni walipoanza kupiga picha, Elysée aligeuka akamwona. Agathe alimsogelea, akasema kwa Kiswahili, ili wale wasielewe.

"Mama yako iko Kalemie. Barua yake ya Septemba ilifika kwa jina langu."

"Yaya, si mbele ya wageni."

"Umesema amekufa."

Elysée alitazama chini. "Nilianza na yangu," alisema. "Nilisema mama yangu anauza mikate sokoni. Hawakusikiliza, walikuwa wanaangalia mawimbi. Yako ndiyo wanalia."

"Na Canada?"

"Daktari alisema labda hautapona. Nikawaza, kama wanakungojea, hawatanipokea. Nikasema Canada. Ni pahali pazuri, yaya. Sikusema kitu kibaya juu yako."

Agathe alitamani kumpiga kofi, na alijua mkono hautainuka. Mwanamke yule mwenye kofia alikuja akamuuliza Elysée kama huyu ni ndugu yake. Elysée alisema ndiyo. Agathe akasema kwa Kifaransa, taratibu, "Hapana, bibi. Mimi nilikuwa mwenye nyumba wake."

Alirudi chumbani akakunja nguo za Elysée moja moja, akazipanga ndani ya sanduku lake. Chini kabisa, chini ya sketi za kanisani, aliikuta kadi. Ilikuwa na picha ya meli. Ndani yake waliandika wapishi, wasafisha vyumba, Bi Pillay. Dominiki aliandika kwa herufi kubwa kwamba Durban itapungukiwa. Agathe alikaa kitandani akaisoma mpaka mwisho, salamu za watu waliokuwa wamemhuzunikia kweli, wakati yeye akihesabu mabati ya dari ya wodi na kujiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyekuja kumwona. Wiki zile zote alikuwa amewakasirikia. Akaichukua kadi, maana ilikuwa yake. Shali aliiacha.

Sanduku alilipeleka saluni kwa Gracieuse, akaliacha mlangoni bila maelezo.

Januari hakwenda kwa Bi Pillay. Dominiki na wenzake wa rikisho walianza kumletea wageni mmoja mmoja, wale waliofikia kwenye hoteli ndogo, na polepole akawa na kazi yake tena. Aliwatembeza kote kama zamani, sokoni, kwa nyoka, kwa Kapera. Lakini kwenye gati aliwaonyesha Bluff tu, akawaambia wapige picha, akawageuza. Mama yake hakumtaja tena. Alijaribu mara moja, mbele ya mwalimu mmoja kutoka Mauritius, na katikati ya sentensi alisikia sauti ya Elysée ndani ya kinywa chake, akaacha.

Mwaka uliofuata Elysée alihamia Cape Town. Kabla hajaondoka alimtuma padri Léonce, aliyewaongozea wakimbizi misa ya Kifaransa, amwombee msamaha. Padri alimkuta Agathe anachambua dengu, akaketi akazungumza kwa muda mrefu na kwa upole. Alieleza kwamba yule binti amelia mbele yake, kwamba hapati usingizi.

"Nimwambie nini?" aliuliza mwishowe.

Agathe alitoa kijiwe kwenye dengu, akakiweka kando.

"Mwambie nimesikia."

Padri alingoja neno la pili. Agathe akainuka kubandika maji.