Karani Asiyetazama Skrini

Klabu ya Kompyuta ya wastaafu wa Damanhuri, Misri, ilikuwa na sheria moja. Kila Jumanne baada ya alasiri, kila mtu alete kidokezo kimoja cha kompyuta, na atakayekuja mikono mitupu awanunulie wenzake chai. Haji Metwali, aliyeuza viungo sokoni mpaka magoti yakamstaafisha, alikuwa akileta kila mara njia ile ile ya kunakili kwa vitufe viwili, na kila mara akiitangaza kama habari ya leo asubuhi. Shauki hakuwahi kuleta chochote. Alinunua chai kwa fahari.

"Njia za mkato za nini?" alizoea kusema. "Vidole vyangu vinaijua barabara kuu."

Hakuwa anajigamba bure. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama ujana wake wote na utu uzima wake karibu wote. Jaji aliyemzoesha kazi hakuvumilia karani anayetazama karatasi. Alitaka macho yawe kwa anayesema. Basi vidole vikajifunza kutembea peke yao, na Shauki akastaafu akikumbuka nyuso za mashahidi wote, lakini si ushahidi wa hata mmoja.

Jumanne hii aliingia na flashi mfukoni na uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Dada yake mkubwa, Bi Wadida, alikuwa ameamua maisha yake yaandikwe, na Ijumaa, ukoo mzima utakapokuja kwake kula bata, Shauki ayasome mbele ya watu. Dada alikaa kwenye kochi akasimulia tangu adhuhuri mpaka magharibi, Shauki akipiga chapa kwenye kompyuta yake.

"Nasema mara moja tu," alionya. "Na unitazame mimi, siyo hilo dude lako."

Kila Shauki alipogeuza jicho, dada alikata maneno akaomba maji. Wala hakuwa mtu wa kuudhiwa ovyo. Ndugu yao mwingine aliwahi kuazima sufuria yake ya presha akairudisha bila mpira wake, na Bi Wadida hakumsemesha mpaka watoto wa ndugu huyo walipoanza kuoa. Kwa hiyo Shauki akamtazama, na vidole vikaenda.

Dada alipoinuka kwenda kuswali magharibi, Shauki akatazama skrini. Hakukuwa na neno moja la Kiarabu. Mjukuu wake aliyeitumia mashine asubuhi aliiacha kwenye herufi za Kilatini, nayo kwa utiifu wa kuhuzunisha ikaandika kila kitufe kilichobonyezwa: hg hapa, hg pale, mabano na nuktamkato, kurasa na kurasa, kama barua ya paka.

"Imetoka vizuri?" Bi Wadida aliuliza akikunja mswala.

"Imetoka," alijibu Shauki. Mahakamani jibu hilo lingekubaliwa.

Sasa klabuni alimkabidhi flashi Mhandisi Insaf, mwenyekiti, aliyewahi kusimamia maji ya nusu ya mji na bado akiwasemesha watu kana kwamba ni mabomba. Mama huyo alifungua faili. Haji Metwali akanyoosha shingo.

"Ya Salaam! Ustadh Shauki, hii ndiyo ile barabara kuu? Mbona imejaa mashimo?"

"Haji, leo usinichokoze. Ijumaa nazikwa."

"Basi utuachie ile kompyuta."

"Nyamazeni," alisema Mhandisi Insaf. "Hakuna kilichopotea hapa, Ustadh. Kila kitufe kina herufi mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini. Umebonyeza sawa, mashine imetoa ile nyingine. Tunaiambia itafute kila H na kuweka alifu, faili zima kwa mara moja. Halafu herufi inayofuata, mpaka ziishe."

"Inawezekana?"

"Ulikuwa wapi nilipoifundisha?"

"Alikuwa ananunua chai," alisema Haji.

Tatizo likabaki kibodi ya klabu, zawadi ya idara fulani ya serikali, ambayo vitufe vyake vilikuwa vimefutika vikawa na upara. Herufi za Kilatini Mhandisi alizijua zilipo. Za Kiarabu alikuwa akizitafuta kwa macho maisha yake yote. Akamshika Shauki kidole, akakiweka juu ya kitufe.

"Hapa?"

Shauki alifumba macho. Kichwani hamkuwa na kitu. Akabonyeza. "Alifu," kidole kilisema kwa kinywa chake.

"Hapa?"

"Lamu."

Skrini ikaanza kubadilika. Hg zote zikageuka kuwa alifu na lamu. Walipofika mimu na nuni, Haji Metwali alikuwa ameacha utani, akisoma kwa sauti vipande vilivyokuwa vikichomoza. "Mimi... Wadida... binti wa... Ustadh, anazungumza! Dada yako anazungumza!"

Shauki alikaa chini. Alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akainuka kwenda kuagiza chai.

"Kaa," alisema Mhandisi Insaf. "Kosa ambalo hatujawahi kuliona ni kidokezo. Haji, chai leo unanunua wewe."

"Mimi? Nimeleta ya kunakili!"

Ijumaa Shauki alisoma mpaka bata akapoa. Watu walilia palipotakiwa. Bi Wadida alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekumbuka mengine," alisema. "Lete lile dude."

Shauki alilileta. Kwa dole gumba na kidole kimoja akabonyeza vitufe viwili vya kugeuza lugha, njia yake ya mkato ya kwanza maishani, akapiga herufi moja, akatupa jicho moja tu la wizi kwenye skrini. Alifu ilikuwa imesimama pale, imenyooka, nyeusi.

"Unatazama nini?"

"Nakutazama wewe, dada," alisema Shauki, na safari hii hakuwa na wasiwasi wowote.