Mparachichi wa Uani kwa Bi Zakiya

Jirani yangu Bi Zakiya hamwamini mtu. Muuza samaki akimwambia changu huyu ni wa leo, humfunua mashavu mara tatu, kisha humtazama muuzaji mwenyewe kana kwamba naye ameoza. Mie Swafia nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na mbili, na hadi leo nikibisha hodi huuliza, "Swafia gani?" Jamani, Mji wa Kale huu tuko Swafia wangapi wenye sauti kama yangu?

Kitu kimoja tu alikipenda bila kukishuku: mparachichi wa uani, uliopandwa na marehemu mamake. Kisima chetu kina chumvi hata chai ya maji yake hainyweki, lakini mti ule ulizaa mpaka matawi yakainama. Kwa sharubati ya parachichi aliyoiuza dirishani, Bi Zakiya alijikimu asimpigie mtu magoti. Tena shinani pake palikuwa pahali pa heshima. Mgonjwa akiandikiwa kombe, aya za Kurani kwa wino wa zafarani zioshwe anywe, maji yanayobaki hayamwagwi mferejini yakakanyagwa. Mtaa mzima tukiyapeleka kwa Bi Zakiya, tukiyamwaga chini ya mti, na maji ya udhu yakafuata.

Mwaka huu mti ukaanza kukauka kutoka kileleni. Majani yakawa madogo, ya manjano, na matunda yakadondoka machanga.

"Si bure," akasema Bi Zakiya. "Nimefanyiwa jambo." Akazidisha makombe.

Ndipo akaja Awiti, mwanamke kijana, mtafiti wa mimea kutoka bara. Alikuwa amesikia habari za mparachichi unaokunywa maji ya chumvi. Aliamkia vizuri, akavua viatu mlangoni, akaeleza kwamba miparachichi mingi hufa kwa chumvi. Huu ukionekana una mizizi inayostahimili, wakulima wataweza kupandikiza juu ya mizizi kama hiyo aina zinazozaa sana. Kisha, masikini, akainua kichwa akaanza kuhesabu matunda yaliyobaki, kwa sauti! Moja, mbili, tatu, hadi arobaini na kitu, na mashaallah ya kukinga kijicho hakusema hata moja. Nikauona uso wa Bi Zakiya ukikunjamana.

"Mama, mti huu unaumwa," Awiti akasema. "Nahofia ni ukungu unaoozesha mizizi. Huwa unaupa maji kiasi gani?"

"Ya Mungu tu."

"Basi naomba udongo wa shinani nikaupime."

"Uje kesho, nitakuchimbia mwenyewe. Leo nina wageni."

Wageni gani? Tulikuwa mimi na paka.

Mlango ulipofungwa akanigeukia. "Waniona mimi mjinga? Mtu atoke bara kwa ajili ya udongo? Udongo wa mti wa mamangu utiwe mfukoni, upelekwe nisikokujua! Ana lake jambo huyu." Akanipa kijiko. "Chota kwenye chungu cha asumini."

Nikachota. Sitajitetea. Na mie nilimshuku yule binti, tena kwa raha, maana kushuku mkiwa wawili kuna utamu wake. Kesho yake Awiti akaupokea mfuko kwa mikono miwili.

Baada ya wiki tatu akarudi na karatasi, uso umemkunjuka. "Mama, udongo wako ni mzima, hauna ukungu. Ila ni mkavu na chumvi imejikusanya. Mti una kiu. Mwagilia maji mengi ya bomba kila siku, yaioshe hiyo chumvi."

Sasa sikiliza vituko. Mwanamke asiyemwamini hata muadhini mpaka atazame saa yake, karatasi ile akaiamini! Ilimwambia alichotaka kusikia. Awiti alipoondoka nikamkumbusha, "Bi Zakiya, majibu haya si ya mti, ni ya asumini."

Akanikaripia. "Udongo wa ua mmoja, Swafia, utatofautiana vipi?"

Akamwaga ndoo kumi kila siku, na makombe juu yake. Nilimwona, nikanyamaza.

Mwezi wa pili wa ndoo hizo mti ukapukutika majani yote. Awiti alipokuja alipiga magoti kwenye tope akafukua kwa vidole. Mizizi ilitoka myeusi, ikakatika kama mkate uliolowa.

"Ni ukungu ule ule niliouhofia," akasema. "Maji ndiyo yameumaliza mti. Siku ile ya kwanza tungeudunga dawa kwenye shina, tukaacha pakauke, ungepona. Sasa basi tena." Akaiweka mizizi chini. "Kipimo changu kimenidanganya, nami nikakwambia umwage maji. Mimi ndiye niliyeuua mti wa mamako. Nisamehe, mama."

Nikamtazama Bi Zakiya. Sema, nikamwomba moyoni. Sema wewe, au nitasema mimi. Wallahi ulimi ulikuwa mzito, na aibu ikinichoma mpaka masikioni. Naye alikuwa akilia, kilio cha kweli, cha mti wake. Akainama, akamshika Awiti mkono wenye tope, akamwinua.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema.

Awiti akajifuta machozi, akamshukuru.