Tekla, Injinia Aliyefurahi Paa Likivunjika

Jana tulimzika Tekla hapa Songea, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie kumwambia jinsi watu walivyojaa. Akili yangu haijakubali.

Kwa msiomjua: rafiki yangu alikuwa injinia mtafiti. Alitafuta namna ya kuzuia upepo usiezue nyumba zetu za tofali za kuchoma.

Nyuma ya kwao Mjimwema alijenga paa dogo, tukalipindua, mbao zake zikiegemea magogo, mabati yakaangalia chini. Tukalipakia viroba vya mchanga mpaka misumari ing'oke. Alinieleza kuwa uzito ule unalivuta paa kama upepo unavyolinyanyua.

Jirani alimuuliza mama yake taratibu kama binti yuko sawa.

Lilipong'oka mara ya kwanza, mimi nilinywea. Yeye alipiga vigelegele. "Afadhali livunjike hapa kuliko juu ya kitanda cha mtu," akasema, akaingia ndani kukaanga mihogo. Hiyo kwake ilikuwa data nzuri!

Mwishowe akapata jibu: kufunga mbao za paa kwa ukanda wa chuma unaoshuka mpaka ndani ya ukuta.

Tukaenda Maposeni, saiti ya Mama Oresta, mjane aliyekuwa anajenga. Mama akakataa mbele ya mafundi. "Nyumba inafungwa kama mbuzi?" Tekla alicheka kuliko wote. Hakubishana. Aliomba afunge paa la jiko la nje tu, na mama akamruhusu.

Upepo wa mvua za kwanza ukaja. Nyumba kubwa iliezuliwa upande mzima. Jiko halikutikisika, na familia yote ilijibanza humo, wazima.

Tulipofika, Tekla alimpa mama shikamoo tu. Mama aliitikia, akamshika mkono. "Mwanangu, sasa nifungie yote."

Njia nzima ya kurudi Tekla aliimba, na sauti hakuwa nayo, Mungu amrehemu.

Ugonjwa ulikuwa mfupi. Nilimkuta wodini anakagua dari. Akaniambia nikae bila wasiwasi, paa hilo ameshalipitisha. Nilicheka mpaka nesi akanitazama vibaya.

Jana Mama Oresta alikuja na mafundi wake. Walisema siku hizi hawaezeki nyumba Maposeni bila kufunga, hata mwenye nyumba asiposema.

Tekla, dada yangu, umeifanya kazi yako ukiwa na furaha. Mvua zikianza, watu watalala usingizi wao. Nawe lala, mpenzi. Lala vizuri.