Upande Usio na Waimbaji

Nathanaeli Mbonile alirudi kijijini kwao Mbebe mwaka 1971, baada ya miaka kumi na mmoja katika migodi ya shaba ya Zambia. Alirudi na mkewe Elina, binti yao Sekela, na gramafoni ndogo ya betri. Miaka mitano baadaye Elina alifariki, Sekela akaolewa Itumba, na ile gramafoni ikawa kitu pekee chenye sauti ndani ya nyumba.

Alikuwa mkulima wa kahawa, na kahawa haimsemeshi mtu. Isingekuwa kwaya, angeweza kumaliza wiki nzima bila kuitwa jina. Lakini kila Alhamisi alasiri alisimama kanisani pamoja na wanaume wengine watatu wa sauti ya nne, yaani besi, mabega yao yakigusana. Watu wa Mbebe walisema kwamba besi ya Baba Sekela unaisikia kwanza miguuni, kwenye sakafu, ndipo inafika masikioni.

Mwaka 1978 alishuka Tunduma kutafuta betri, ambazo zilikuwa zimeadimika. Athuman, mfanyabiashara aliyetoka Kigoma, alikuwa nazo. Alimwongezea bure santuri ndogo iliyoachwa na dereva mmoja wa lori kutoka Zambia.

"Chukua, mzee wangu. Inakwenda polepole mno, wateja wangu wakiisikia wanauliza kama betri zimekwisha."

Ilikuwa rege ya Jamaika. Nathanaeli aliisikiliza akiwa amesimama, na hakuketi mpaka ilipokwisha. Wanaume wawili waliimba, na kwa Kiingereza chake cha mgodini aliitambua Zaburi ya mtu anayeitazama milima akitafuta msaada. Sauti zao zilikuwa na mikwaruzo, kana kwamba walirekodiwa katika chumba kidogo cha bati. Hata hivyo, kilichomshika hakikuwa maneno. Maisha yake yote alikuwa amezibeba nyimbo kwa chini huku watu wakisifu soprano. Humu gitaa la besi lilitangulia, polepole, likinyamaza lilipotaka, na vingine vyote vilifuata nyuma yake.

Kisha akageuza upande wa pili. Wimbo ulikuwa uleule, ila waimbaji hawakuwapo. Ngoma zilipigwa, besi ikatembea, neno moja likachomoza na kukatika, halafu pakabaki wazi mahali palipostahili kuwa na watu. Aliamini kwamba amepewa santuri mbovu, na ingawa hakuilipia, jambo hilo lilimkera. Wiki iliyofuata alirudi Tunduma.

"Umetoka Mbebe kwa ajili ya upande wa pili?" Athuman aliuliza.

"Waimbaji hawapo."

"Sasa mimi nimewala?"

"Wewe ndiye uliyenipa."

Athuman alicheka, halafu akamwonea huruma. "Mzee wangu, yule dereva aliniambia ndivyo wanavyozitengeneza huko kwao. Upande mmoja wanaimba wao. Wa pili wamekuachia wewe."

Tangu hapo, kila alipotoka shambani, Nathanaeli aliimba Zaburi ile kwa Kindali, lugha ya kwao, juu ya ngoma za upande wa pili. Aliimba sauti yake tu. Mahali pa sauti nyingine alinyamaza akangoja, ndipo akaendelea.

Mazoea hayo aliyapeleka kanisani bila kujua.

"Baba Sekela, umechelewa tena," alisema Ezron, mwalimu wa kwaya.

"Sijachelewa, Mwalimu. Nimesubiri."

"Unasubiri nini? Basi?"

"Anasubiri mchumba," alidakia Felista wa soprano, na kwaya nzima ikacheka.

Ezron hakucheka. "Besi ni msingi wa nyumba. Msingi hautembei."

Alikuwa amesikia kwamba muziki ule ni wa wavuta bangi. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Vwawa kuimba mbele ya kwaya nyingine, naye hakutaka aibu. Akampa Nathanaeli muda hadi Alhamisi iliyofuata: ailete santuri na kuiacha mikononi mwake, au ajitoe kwenye kwaya.

Alhamisi Nathanaeli alikuja na santuri pamoja na gramafoni, akiwa ameamua kuikabidhi. Aliomba jambo moja tu, wausikilize kwanza upande wa pili. Ezron alikubali shingo upande.

Sindano ikashuka. Nathanaeli aliimba sauti ya nne ya Zaburi ile, ambayo wote waliijua tangu Shule ya Jumapili. Alipofika mahali pa soprano na tenori, alinyamaza akawatazama. Felista alifungua mdomo, akamtupia jicho Ezron, akaufunga. Ngoma zikaendelea zenyewe. Nathanaeli akajaribu mara ya pili, na ya tatu, mpaka sindano ikafika mwisho na kuanza kukwaruza.

"Ilete, ndugu yangu," Ezron alisema kwa upole, mkono ameunyoosha. "Tunakuhitaji Vwawa. Hatuna besi nyingine kama yako."

Nathanaeli aliishika santuri kwa mikono miwili. "Nikikupa, nyumbani nitaimba na nani?"

"Utaimba na sisi. Alhamisi."

"Alhamisi ni moja, Mwalimu."

Akaifunga gramafoni, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Siku ya safari alikuwa anapalilia kahawa kilimani, juu ya barabara, lori la kwaya likapita likipanda mlima taratibu. Walikuwa wanaimba wamesimama. Besi walikuwa watatu, na mmoja wao, Anyitike, hakuwahi kuzifikia noti za chini. Nathanaeli aliegemea jembe, akaingia kwa sauti ya nne kama Ezron alivyomfundisha, bila kuchelewa hata kidogo. Injini ilikuwa inanguruma na hakuna aliyegeuka. Lori lilipokata kona, bado ubeti mmoja ulikuwa umebaki. Aliumalizia peke yake, kisha akainama tena kwenye magugu.